Redio ya Telesphory

Mpunga wa Klementina ulikuwa umeanza kujaza maziwa, na ndege walikwisha kujua. Kila siku, kabla jua halijatoka, Klementina alifunga kanga kiunoni, akachukua kombeo lake, akapanda kwenye dungu kuamia, yaani kuwafukuza ndege wasile mpunga. Dungu lilikuwa jukwaa la miti katikati ya shamba. Ukikaa juu yake unaona mpunga wote, kutoka mferejini hadi nyumbani. Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa shamba, kijijini Mkula, hatua chache tu kutoka kwenye mabua ya kwanza.

Asubuhi hiyo kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, walitokea upande wa milimani kama wingu dogo jeusi. Klementina hakungoja. Alizungusha kombeo, akarusha donge la udongo, akapiga kelele.

"Haooo! Nendeni kwenu!"

Akavuta kamba iliyofungwa makopo. Makopo yakalia shamba zima. Wingu likapinda, likaelekea shamba la jirani yake, Merina.

"Wee Klementina!" Merina alipaza sauti kutoka kwenye dungu lake. "Mbona unaniletea wageni?"

"Wapokee! Mimi nimewanyima chakula."

"Nitawarudisha kwako na salamu!"

Walicheka. Ndipo redio ya nyumbani kwa Klementina ilipopandishwa sauti. Ikapanda tena. Muziki ukatoka dirishani, ukavuka shamba.

"Mzee wako leo kaamkia muziki," alisema Merina. "Nyumba yenu ina raha."

Klementina hakucheka tena. Alishuka kwenye dungu, akaanza kutembea haraka kuelekea nyumbani.

Mume wake, Telesphory, hakuwa na raha yoyote. Alikuwa na saratani ya tezi dume, nayo ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Hospitalini walimwambia kwamba dawa ya kuiondoa kabisa haipo tena. Walirudi nyumbani na vidonge vya maumivu kama vile vinavyouzwa madukani. Tangu hapo Telesphory alikuwa akipandisha sauti ya redio kila maumivu yalipozidi. Hakutaka majirani wamsikie akigumia. Watu waliopita njiani walidhani ni mzee anayependa muziki. Watu wa nyumbani peke yao walijua. Sauti ya redio ikipanda, maumivu yamepanda.

Alimkuta amelala ubavu, ameuma kitambaa kwa meno. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Umekunywa vidonge, Baba Agnella?"

Telesphory alitoa kitambaa mdomoni.

"Nimekunywa."

"Vimesaidia?"

"Vimenisalimia tu, vikapita."

Hata katika hali ile alitaka amchekeshe. Klementina alimgeuza pole pole, akamwekea mto katikati ya magoti, akamfuta jasho.

Muda si mrefu mdogo wake Telesphory, Evaristo, alibisha hodi. Evaristo alikuwa mvuvi wa mtoni. Alikuja na kambale wawili wamefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Shemeji, pokea kitoweo. Kaka, habari za asubuhi?"

"Redio imekwambia," alisema Telesphory.

Evaristo alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa. "Vumilia, kaka. Wewe ni mwanamume. Baba alivumilia, babu alivumilia."

"Avumilie hadi lini?" aliuliza Klementina.

Telesphory alimgeukia mke wake.

"Mama Agnella, mpunga utaiva lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Basi nisikilizeni. Nataka kuonja mchele mpya nikiwa nimekaa. Nimekaa kwenye mkeka, na watu wangu wamenizunguka. Sitaki kulishwa nimelala kama kinda."

Klementina alielewa. Katika ukoo wa Telesphory, mchele mpya ulipikwa chungu kimoja, na mkubwa wa nyumba ndiye aliyeonja kwanza. Alichukua tonge, akashukuru, akataja majina ya waliotangulia. Hapo ndipo wengine walipokula. Hakuna mwaka Telesphory aliokosa kufanya hivyo. Sasa hakuweza kukaa hata muda wa kunywa kikombe cha uji.

"Utakaa," alisema Klementina.

"Unaniahidi, au unanipoza?"

"Nimesema utakaa."

Siku ileile alimwachia dungu binti yake mkubwa, Agnella, akaenda zahanati. Mganga wa pale alikuwa kijana anayeitwa Justin.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kutafuta dawa ya kumponya mume wangu. Nimeshaambiwa haipo. Nimekuja kutafuta dawa ya maumivu. Na usinipe vile vidonge. Vile vinamsalimia tu."

Justin aliweka kalamu chini. Aliuliza maswali mengi. Maumivu yako wapi? Yalianza lini? Analala? Anakula? Klementina alijibu yote.

"Mama, umewahi kusikia kuhusu huduma shufaa?"

"Sijasikia. Ni nini?"

"Ni huduma ya mtu mwenye ugonjwa mkubwa, kama huu wa mzee. Ugonjwa hata kama hauondoki, maumivu yanaweza kuondolewa, au yakapunguzwa sana. Mgonjwa anaangaliwa mwili na moyo. Nanyi mnaomuuguza mnaangaliwa pia. Kuna timu Ifakara, na wanamfuata mgonjwa nyumbani."

"Mbona hatukuambiwa?"

"Mngepaswa kuambiwa. Wengi hawaambiwi. Na wengi hawaulizi, wanadhani maumivu ni sehemu ya ugonjwa, hayana dawa. Wewe umeuliza." Justin alichukua simu. "Ngoja niwapigie sasa hivi, ukiwa hapa hapa."

Siku chache baadaye muuguzi alifika kwa pikipiki, viatu vimejaa matope. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa hijabu nyeupe. Jina lake Firdausi. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini Ifakara, na Telesphory alimjua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe wewe ni mtoto wa dukani! Umewahi kuuona mpunga kabla haujawa wali?"

"Leo ndiyo nimeuona, mzee. Nimeuangukia na pikipiki."

Telesphory alicheka, halafu akakunja uso. Kicheko kilimuumiza mgongo. Firdausi aliona.

"Mzee, nionyeshe kwa vidole. Ngumi maana yake huna maumivu kabisa. Kidole kimoja, maumivu madogo. Vidole vitano, maumivu makali kuliko yote. Leo ni vingapi?"

Telesphory alitazama ukuta, akainua vidole viwili.

"Muongo huyo," alisema Klementina. "Sista, usimsikilize. Leo asubuhi redio ilisikika hadi mferejini. Hiyo ni tano."

"Redio?" Firdausi hakuelewa.

Klementina alimweleza. Firdausi aliitazama redio iliyokuwa dirishani, kisha akamgeukia Telesphory.

"Mzee, kwangu mimi usipandishe redio. Nyoosha vidole. Nikidanganywa maumivu, nami nitakupa dawa ya uongo."

Telesphory alishusha mkono. Kisha akauinua tena, na vidole vyote vitano vilikuwa wazi.

Firdausi alitoa chupa kwenye mkoba.

"Daktari wetu ameyasoma majibu yako yote. Amekuandikia dawa hii ya maji. Inaitwa mofini. Ni chungu kidogo, lakini ni dawa nzuri kwa maumivu makali kama yako."

Evaristo, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia ndani.

"Hiyo naijua," alisema. "Hiyo ni dawa ya kumalizia watu."

Agnella alimtazama mama yake.

"Nani alikwambia, kaka yangu?" aliuliza Firdausi kwa upole.

"Sikuambiwa na mtu. Nilikuwepo. Mama yetu alipewa hiyo hiyo. Asubuhi alipewa, jioni hakuwepo. Na mimi ndiye niliyemshikia kikombe."

"Pole sana," alisema Firdausi. "Asubuhi ile, kabla hajapewa, alikuwa katika hali gani?"

Evaristo alifikiri. "Hakuwa anatujua tena. Alikuwa hali chakula, hanywi maji."

"Basi mama alikuwa ameshaanza kuondoka. Dawa ilimkuta njiani, haikumfukuza. Watu wengi hupewa mofini siku ya mwisho kabisa, ndiyo maana ikapata jina baya. Ikitolewa kwa kipimo, haimharakishi mtu kufa. Inamwondolea maumivu tu, alale, ale, aongee na watu wake. Wako wagonjwa wetu wanaoitumia miezi mingi. Mkono wako haukumuua mama. Ulimpunguzia mateso."

Evaristo alipangusa uso kwa kiganja. Hata hivyo hakuwa ameridhika.

"Na kuizoea je? Atakuwa teja uzeeni?"

"Teja wa wapi, na mimi hata njia ya dukani imenishinda?" alisema Telesphory kutoka kitandani.

Firdausi alitabasamu. "Teja anatafuta ulevi. Kaka yako anatafuta usingizi. Mwenye maumivu akipewa kwa kipimo, na sisi tukimfuatilia, hageuki teja. Ila isikatishwe ghafla. Ikibidi kupunguza, tunapunguza sisi, kidogo kidogo."

Alimpa Klementina bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, lenye mistari ya kupimia. Alimwonyesha mstari wa kufikia. Akamfanya apime mwenyewe kwa maji mara kadhaa, hadi mkono ukazoea. Agnella naye alipima.

"Atakunywa kila baada ya saa nne," alisema Firdausi. "Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni. Ile ya saa nne usiku daktari ameiandika mara mbili, ili alale hadi asubuhi bila kuamshwa. Msibadilishe kipimo wenyewe."

"Tumesikia," alisema Agnella. Aliweka kengele kwenye simu yake.

"Dawa hii inafunga choo. Kwa hiyo imekuja na mwenzake, vidonge hivi vya kulainisha choo. Msimpe moja mkaacha nyingine. Maji anywe, papai ale. Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kusinzia au kusikia kichefuchefu, halafu hupungua. Lakini mkiona anasinzia hata kumwamsha ni kazi, au anapumua polepole sana, msimpe nyingine, nipigieni hapo hapo. Na miguu ikilegea ghafla, au mkojo ukikataa kutoka, nipigieni pia. Msingoje kesho. Chupa ikae mahali penye kufuli. Ni ya mzee peke yake. Asipewe mtu mwingine hata akilia kichwa kinamuuma."

Alipomaliza aliketi pembeni ya kitanda.

"Na moyoni, mzee? Huko kunauma wapi?"

Telesphory alielekeza kidole dirishani. "Kunauma nikimsikia huyu mama peke yake kule dunguni," alisema. "Tulikuwa wawili. Mimi nikipiga kelele huku, yeye anapiga kule. Sasa nalala kama gunia."

Klementina alitoka nje, akajifanya anatazama moto.

Dozi ya kwanza haikufanya muujiza. Lakini usiku ule Telesphory alilala. Siku iliyofuata alilala tena, hata mchana, na Evaristo akaja kumtazama mara kwa mara kama anapumua. Siku ya tatu aliamka, akaomba ugali na kambale. Redio ilikuwa chini, inasoma habari. Klementina alisikia makopo ya shamba lake vizuri kuliko siku zote.

"Mzee wako kahama?" Merina aliuliza kutoka kwenye dungu lake. "Leo hatuchezi?"

"Yupo. Anakula."

Wiki ile Telesphory aliweza kukaa akiegemea ukuta. Padre alikuja, wakaongea peke yao muda mrefu. Telesphory alimwita pia Evaristo, wakaongea kuhusu mama yao. Klementina alianza kuhesabu moyoni mwake: mpunga unageuka rangi, na mume wangu anakaa.

Hapo ndipo alipokosea.

Klementina alikuwa mtu wa akiba. Mbegu yake bora aliifunga kwenye kibuyu, akakitundika juu ya moshi wa jiko. Hata mwaka wa njaa hakuigusa. Alikuwa akisema kitu kizuri hakitumiwi siku ya kawaida. Kitu kizuri kinangoja siku ya shida. Asubuhi moja, saa ya dozi ya kwanza, alishika ile chupa, akaitazama. Telesphory alikuwa anatania na Evaristo kuhusu samaki.

"Shemeji," alisema Evaristo, "leo kaka haumwi. Dawa ya nini? Si bora ibaki kwa siku mbaya?"

Klementina naye alikuwa akiwaza hivyo hivyo. Alirudisha chupa sandukuni, akafunga. Agnella alikuwa amekwenda Ifakara na simu yake, kwa hiyo hakuna kengele iliyolia. Saa nne ilipita. Telesphory alisema yuko sawa. Klementina alirudi dunguni akiwa na furaha, kama mtu aliyeokoa kitu.

Saa nane ilipopita, redio ilianza kupanda.

Ilipanda haraka. Klementina alifika nyumbani anakimbia. Telesphory alikuwa amejikunja, kitambaa kimerudi mdomoni. Klementina alipima dawa. Alimpa. Alingoja. Maumivu hayakushuka. Telesphory alinyoosha vidole vyote vitano bila kuulizwa.

"Dawa imeshindwa," alisema Evaristo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Klementina alitoka mbio hadi kwa Merina, akaazima simu, akarudi nayo nyumbani, akapiga. Firdausi alipokea.

"Sista, dawa imeshindwa. Nimempa na bado yuko tano."

"Kabla ya hii uliyompa sasa, alikunywa lini?"

Klementina alitazama sanduku.

"Mama?"

"Jana usiku. Tulikuwa tunaiwekea akiba."

Alingoja agombezwe. Firdausi hakugomba. Alisema, "Dawa haijashindwa, mama. Imechelewa. Usimwongezee kwa kubahatisha. Mlaze ule upande anaoupenda, umkande pole pole, ukae naye. Naongea na daktari sasa hivi, nakupigia."

Alipiga kama alivyosema. Alimwelekeza Klementina hatua kwa hatua jinsi daktari alivyoagiza. Jua lilipokuwa linazama, mwili wa Telesphory ulianza kulegea. Redio ilishuka kidogo kidogo, kisha ikanyamaza.

Kesho yake asubuhi Firdausi alikuja. Aliwakuta wote watatu chumbani, na Agnella wa nne, amekasirika.

"Nimeondoka siku moja tu," alisema Agnella. "Siku moja!"

"Mwache mama yako," alisema Telesphory. Alikuwa amechoka, lakini macho yalikuwa makali. "Sista Firdausi, kaa. Leo mimi ndiye mwalimu. Nimelala hapa nikifikiri."

"Nakusikiliza, mzee."

"Mama Agnella, wewe unapanda dunguni saa ngapi?"

"Unajua. Kabla ya jua."

"Kwa nini? Ndege si hawajafika?"

"Ndiyo maana napanda. Wakishatua umekwisha. Kwelea akishaonja suke hatoki. Utapiga kelele, utarusha udongo, watatoka hapa watatua pale."

"Na asubuhi usipowaona, unasema leo hakuna ndege, ngoja nilale?"

Klementina alimtazama mume wake, akaitazama chupa. Kisha akajipiga paja.

"Mimi Klementina!" alisema. "Mimi niliyezeekea dunguni! Nimewaacha ndege watue!"

Telesphory alianza kucheka, taratibu, ili mgongo usisikie. Agnella naye akacheka. Evaristo alitazama huku na huku.

"Maana yake nini?" aliuliza.

"Maana yake, mvuvi wewe," alisema Klementina, "kaka yako alikuwa haumwi kwa sababu ya dawa. Dawa ilikuwa inaamia. Sisi tumeona hakuna ndege, tukamteremsha mwamiaji dunguni."

Firdausi alikuwa akitikisa kichwa. "Miaka yote hii naeleza watu. Dawa inywewe kwa saa yake, maumivu yawepo yasiwepo, kwa sababu yakishakita ni kazi kuyaondoa. Sijawahi kueleza vizuri hivi. Mzee, naomba ruhusa niende na maneno yako kwa wagonjwa wengine."

"Nenda nayo. Lakini waambie ni ya mkulima, si ya mtoto wa dukani."

"Na kuhusu kuisha," Firdausi alimgeukia Klementina, "dawa hii si mbegu. Ikibaki kidogo, tupigieni, tutaleta nyingine. Maumivu yakizidi, daktari atapandisha kipimo. Si kwamba ukitumia leo utakosa kesho."

Kuanzia siku hiyo nyumba ilibadilika. Kengele ya simu ilipolia, Evaristo ndiye aliyepaza sauti akiwa karibu. "Saa nane! Ndege wanakuja!" Na Klementina, au Agnella, alipima dawa. Hawakuruka tena.

Agnella naye akapata wazo. Alinunua kamba ndefu dukani, akaiunga kwenye kamba ya makopo, akaivuta kutoka shambani hadi kibarazani. Evaristo alitengeneza kiti cha kuegemea kwa mbao na nyavu kuukuu za samaki. Wakamtoa Telesphory nje, wakamfunika miguu, wakamwekea ncha ya kamba mkononi.

"Hii ya nini?" aliuliza Telesphory, ingawa alijua.

"Hakuna gunia hapa," alisema Agnella. "Fanya kazi."

Wingu la kwelea likatokea milimani. Telesphory alilitazama. Hakuharakisha. Aliliacha lifike pale ambapo miaka yote huliacha lifike, kisha akavuta. Makopo yakalia shamba zima. Klementina, juu ya dungu, aligeuka. Aliona mkono wa mume wake umeinuliwa kibarazani. Akapiga kelele, na Telesphory naye kutoka kibarazani akapiga kelele, sauti nyembamba lakini ileile.

"Haooo!"

Ndege wakaenda kwa Merina.

"Sasa mko wawili!" alilalamika Merina. "Hiyo ni dhuluma!"

Walivuna mpunga ulipokauka. Jumapili baada ya ibada, Klementina alipika mchele mpya katika chungu kimoja, kwa kuni, bila nazi, kama ilivyokuwa desturi. Walitandika mkeka. Telesphory alikunywa dozi yake ya saa nane, wakangoja kidogo. Evaristo akamshika upande mmoja, Agnella upande wa pili. Alikaa. Mto ulikuwa mgongoni, lakini alikaa.

Alichukua tonge. Harufu ya mchele ilijaa kibaraza. Alimshukuru Mungu. Akataja majina, la baba yake, la babu yake. Alipofika kwenye jina la mama yake, alimtazama Evaristo. Evaristo akalitaja yeye. Kisha Telesphory akala.

"Chumvi haitoshi," alisema.

"Mwaka wote nimeamia ndege, unaniambia chumvi!" alisema Klementina. Watu wakacheka, mikono ikaingia chunguni.

Telesphory aliishi hadi mvua za vuli zilipokaribia. Mwishoni kipimo cha dawa kilipandishwa mara kwa mara, na Firdausi alikuja mara nyingi zaidi. Telesphory alipoacha kula, Firdausi aliwaeleza kwamba huo ni mwili unaaga, wasimlazimishe, wamlowanishe midomo tu. Telesphory alifariki asubuhi, jua limeshatoka. Klementina alikuwa amemshika mkono. Hakukuwa na kitambaa mdomoni. Redio ilikuwa imezimwa, na ndege walisikika nje wakifanya fujo juu ya paa.

Baada ya maziko Klementina alirudisha dawa iliyobaki kwa Firdausi. Chupa haikumwagwa, haikugawiwa mtu.

Msimu uliofuata Klementina alipanda mpunga tena. Kamba ya kibarazani hakuiondoa.

Asubuhi moja yeye na Merina walikuwa wakitoka mashineni kukoboa, ndoo kichwani. Walipita nyumba ya Beno, fundi baiskeli. Mlango ulikuwa umefungwa, madirisha yamefungwa. Ndani redio ilikuwa inalia kwa nguvu, kipindi cha matangazo ya mazao, sauti imepasuka.

"Beno siku hizi kapenda redio," alisema Merina. "Kila asubuhi hivi hivi. Nyumba ina raha."

Klementina alisimama.

"Mama yake Beno yuko wapi? Simwoni sokoni."

"Wanasema ana uvimbe wa titi. Yupo ndani tu."

Klementina alishusha ndoo, akaiweka kando ya njia. Alinyoosha kanga yake, akaenda mlangoni.

"Klementina, chakula kinatungoja," alisema Merina. "Unakwenda wapi?"

Klementina alibisha kwa nguvu ili ashinde sauti ya redio.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Beno alifungua mlango kidogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba, Beno. Nimekuja kumwona mgonjwa."

Beno alitazama nyuma, akashusha sauti. "Nani amekwambia tuna mgonjwa?"

"Redio," alisema Klementina. "Ipunguze kidogo, mwanangu, unipishe niingie. Na ulete simu yako. Kuna mtu Ifakara nataka umpigie."